Tathmini ya jezi ya mtumba: Robertson, nambari 26, kutoka Gikomba

Mwezi wa Julai mwaka jana, asubuhi ya baridi ile ya Nairobi inayomfanya mtu auache usingizi kwa shida, nilinunua katika soko la Gikomba jezi ya Liverpool ya msimu wa 2019-20, yenye jina ROBERTSON na nambari 26 mgongoni. Tangu siku hiyo nimeivaa karibu kila Jumapili katika mechi zetu za wazee uwanjani Camp Toyoyo, Jericho, na nadhani nimeijua vya kutosha kuitolea hukumu ya haki.

Nianze na bei, kwa kuwa ndiyo iliyonisukuma kuandika. Mama muuzaji alikuwa ameshafungua robota na kutenga kamera, yaani zile nguo bora zinazochaguliwa kabla ya umati kufika. Kati yake kulikuwa na jezi mbili za timu moja na msimu mmoja, zote zikiwa na hali nzuri, lakini ya mshambuliaji Salah aliitaja kwa shilingi 1,500 na hii ya Robertson kwa 700. Nilipouliza tofauti inatoka wapi, alinijibu kwa upole: "Baba, huyu ni beki. Vijana hawaulizi beki." Nililipa 700 zote bila kuomba nipunguziwe, kwa sababu mimi ni beki wa kushoto tangu shule ya msingi, na neno lile liliniuma.

Kwanza, jezi yenyewe. Ni nyekundu yenye mistari myembamba myeupe inayoshuka kutoka shingoni hadi kiunoni, imetengenezwa na New Balance katika msimu wao wa mwisho na klabu hiyo, na kifuani ina jina la benki ya Standard Chartered, ambalo wakazi wa Nairobi wanalijua pia kutokana na mbio za marathoni. Nyuma ya shingo kuna nambari 96 katikati ya miale miwili ya moto, kumbukumbu ya mashabiki waliokufa kwa maafa ya uwanja wa Hillsborough mwaka 1989. Anayenunua mtumba aikague alama hiyo, kwani jezi za baadaye zina 97, baada ya kifo cha mwathiriwa mwingine mwaka 2021, na kwa hiyo alama hiyo humsaidia mtu kukadiria umri wa nguo. Kitambaa ni chepesi, hukauka upesi hata wakati wa manyunyu, na rangi haijapauka ingawa naifua kwa mkono kila wiki. Miaka miwili iliyopita nilinunua jezi mpya katika duka moja katikati ya jiji kwa bei mara mbili ya hii, na herufi zake zilianza kubanduka katika ufuaji wa tatu.

Kasoro zipo. Ukingo wa tarakimu ya 6 umechanika kidogo, na saizi ya M ni ya kubana, hivyo mtu mwenye tumbo la miaka arobaini na kitu achukue L. Zaidi ya hapo sina lalamiko.

Linalobaki ni jina, na hapa ndipo ninapotofautiana na soko zima. Andrew Robertson alizaliwa Glasgow mwaka 1994, akalelewa katika akademia ya Celtic, klabu ya jiji hilo, kisha akaachwa akiwa na miaka 15 kwa kuonekana mdogo wa umbo. Celtic tunaijua hapa kwa sababu ya Mkenya mwenzetu Victor Wanyama, aliyeichezea. Na usiku ule wa Novemba 2012 Wanyama alipoifunga Barcelona kwa kichwa, Robertson alikuwa katika jiji hilo hilo akiichezea Queen's Park katika daraja la nne, bila mshahara, kwa kuwa klabu hiyo ilikuwa ya ridhaa. Queen's Park ilichezea mechi zake Hampden, uwanja wa taifa wa Uskoti, na kijana huyo alifanya kazi ya kupokea simu humo humo ili apate fedha za matumizi. Mwaka uliofuata alikwenda Dundee United, mwaka 2014 akanunuliwa na Hull City, ambako alishuka daraja, akapanda, akashuka tena. Liverpool walimchukua mwaka 2017 kwa pauni milioni 8 za kuanzia, kiasi kidogo mno katika soko lile.

Aliyetaka kumwelewa angetazama mechi ya Januari 2018 dhidi ya Manchester City, iliyoisha 4-3. Beki huyu wa kushoto aliuacha upande wake, akaukimbiza mpira kutoka mguu mmoja wa City hadi mwingine, akamfikia kipa Ederson, kisha akamwandama beki Otamendi mpaka ikawa faulo, na Anfield, uwanja wa Liverpool, wote ukasimama kumpigia makofi. Katika msimu wa 2018-19 alitoa pasi 11 za mabao katika ligi, akachukua Ligi ya Mabingwa jijini Madrid, na baadaye Ligi Kuu mwaka 2020 na 2025. Uskoti ilimpa unahodha mwaka 2018, na tarehe 18 Novemba 2025, katika Hampden ile ile alikopokea simu, timu yake iliifunga Denmark 4-2 na kufuzu Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza tangu 1998. Usiku huo niliivaa jezi hii sebuleni, ingawa si ya Uskoti, na sikuivua mpaka asubuhi.

Kwa hiyo naipendekeza kwa moyo wote, hasa kwa yeyote anayecheza nyuma. Nilirudi Gikomba wiki iliyofuata na kumwomba mama yule anitafutie ile ya buluu ya Uskoti yenye nambari 3. Amehifadhi nambari yangu ya simu, na kila robota jipya likifunguliwa hunitumia picha.