Madrasa yenye ufundi: cherehani safi, umeme bado sana

Kwa wazazi wa Tanga mnaoulizia hizi madrasa zilizoongeza ufundi, mi wanangu wawili wako kwenye moja huku kwetu, jina naliweka pembeni maana nina ya kusifu na ya kulalamika. Asubuhi Qur'ani na fiqhi, baada ya adhuhuri ushonaji au umeme wa majumbani, ada elfu ishirini kwa mwezi, kitambaa na uzi juu yako.

Hifdhi, yaani kuhifadhi Qur'ani, haijaguswa, na hilo ndo nilikuwa naliogopa. Mtoto asiyesikilizisha alichohifadhi jana hakanyagi cherehani, kwa hiyo wanahifadhi mbio kweli kweli.

Ushonaji sasa, hapo wamepatia. Mwalimu ni fundi haswa ana kibanda chake sokoni, hafundishi kwa daftari. Mwanzo anawapa karatasi ya kaki imepigwa mistari kwa rula, wanaendesha cherehani ya miguu haina hata uzi, sindano inatoboa tu, ukitoka nje ya mstari unapewa karatasi nyingine na binti yangu alikuwa anarudi na makaratasi yametoboka kama chujio la nazi nikawa najiuliza hela yangu inaenda wapi. Kumbe ndo mkono unanyooka hivyo. Wakaja foronya, sare za shule, sahivi kanzu, na kwenye kanzu shughuli ni kola, ikivuta kidogo tu fundi anasema fumua, hakuna cha kulia wala nini. Majirani wameshaanza kumletea binti yangu vitambaa.

Umeme jamani! Ubao mmoja wa mazoezi, swichi, soketi na holda ya taa, watoto wamejaa wanachungulia, mwalimu anakuja akipata nafasi. Kijana wangu anakuchorea vizuri tu taa moja swichi mbili, ila kuifunga kwa mkono wake hajawahi, huyo si fundi huyo. Halafu wasichana wote cherehani, wavulana wote umeme. Binti yangu aliomba umeme akaambiwa huko kwa wanaume, na mudiri, mkuu wa madrasa, huyohuyo kila kikao anatukumbusha Nabii Daud alikuwa akila kwa kazi ya mikono yake, sasa mikono ya kike haikazi skrubu?

Cheti ni cha madrasa tu, ukikipeleka kuombea kazi wanakutazama. VETA, wale wa mafunzo ya ufundi stadi wa serikali, wana utaratibu wa kumpima mtu aliyejifunzia kazi nje ya mfumo rasmi na kumpa cheti, nimemwambia mudiri aongee nao, kasema atalifanyia kazi, haya tunasubiri.

Ushonaji naupa nyota tano, umeme mbili na hapo nimeona haya. Wanaandikisha Mfunguo Mosi baada ya Idi, ukienda usiishie ofisini kunywa kahawa, omba uoneshwe karakana na uulize mwalimu wa umeme anakuja siku gani.