Canon 400mm ya mkononi na darktable: uzoefu wangu wa kupiga picha za ndege Arusha

Lenzi ninayoitolea maoni hapa ni Canon EF 400mm f/5.6L USM, ile iliyotoka 1993. Niliinunua mkononi kwa mpiga picha wa harusi wa hapa Arusha. Alikuwa anaiuza kwa sababu haina zumu, na kweli ukumbini lenzi ndefu hivyo haina kazi: bibi harusi akisogea hatua mbili ameshatoka kwenye picha. Tulielewana milioni moja na nusu pamoja na mkoba wake. Nimeifunga kwenye bodi ya Canon 7D Mark II, nayo imeshatumika, na picha nazihariri kwa darktable, programu isiyolipiwa hata senti. Kazi yangu ni udereva na kuongoza watalii. Ndege nawajua kwa majina na sauti zao tangu zamani, ila kuwapiga picha nimejifunza ukubwani, na nimejifunzia kifaa hiki.

Niseme mapema kwamba kwa anayeanza na hela za kuungaunga, sijaona kinachoizidi. Na sababu ni zile zile zinazowafanya wengi waikimbie.

Haina kizuia mtikisiko. Kwenye 7D Mark II, ambayo kihisi chake (kile kinachopokea picha) ni kidogo, hiyo 400 inaona kwa wembamba wa 640 ya kamera yenye kihisi kikubwa, kwa hiyo mkono ukitetemeka kidogo tu picha imeharibika. Hapo huna ujanja, lazima upandishe kasi ya shata, yaani pazia la kamera lifunguke na kufunga haraka zaidi. Ndege aliyetulia nampiga kwa 1/1000 ya sekunde, anayeruka 1/2000 kwenda juu. Nimekaa na watu wenye lenzi za zumu zenye kizuia mtikisiko, wanajiamini wanashuka mpaka 1/200, halafu wanashangaa tawi limetoka kali na kichwa cha ndege kimefifia. Kile kifaa kinatuliza mikono yako wewe. Ndege hakimhusu, na ndege hata akiwa amekaa shingo yake inageuka huku na huku muda wote. Lenzi hii ilinizoesha kasi kubwa tangu mwanzo kwa kuninyima njia nyingine.

Uzito ni kilo moja na robo. Zile zumu za 150-600 zinacheza kwenye kilo mbili au zaidi, na tofauti hiyo unaiona baada ya nusu saa ya kushikilia kamera usawa wa jicho ukimsubiri tai aamue kuondoka. Hudi yake, ile kinga ya jua ya mbele, imejengwa humo humo, unaivuta mbele na kuikaza, haipotei. Pembeni kuna kitufe cha kuchagua umbali wa fokasi: ama kuanzia mita 3.5, ama kuanzia mita 8.5. Kwa ndege wanaoruka kiweke kwenye 8.5, lenzi isihangaike kutafuta vitu vya karibu. Fokasi yenyewe ni ya haraka na haina kelele. Mimi nimehamishia fokasi kwenye kitufe cha AF-ON cha nyuma, nakibonyeza kwa kidole gumba, na kidole cha shahada kimebaki na kazi moja tu ya kupiga. Mwanzoni vidole vinagombana, baadaye unasahau kwamba kuna namna nyingine.

Kwa madereva wenzangu nina neno moja ambalo sijaona likisemwa sana. Ule uwazi wa juu ya gari ni mzuri kwa simba na tembo. Kwa ndege ni mbaya. Unampiga kutoka juu, nyuma yake panakuwa na nyasi na vumbi, na ndege anaonekana mdogo, amebanwa chini. Shuka kwenye kiti, zima injini kwa sababu mtetemo wake unafika mpaka kwenye lenzi, weka mfuko wa maharage dirishani na upige ukiwa usawa wake. Kule Tarangire nina picha za yule kwezi wa kijivu, ambaye asili yake ni Tanzania tu, nilizopiga juu na nilizopiga dirishani, sehemu moja, asubuhi moja. Zile za dirishani nyuma pamelainika pote na ndege amebaki peke yake. Za juu nimezifuta.

Siku zisizo na wageni huwa naenda Ziwa Duluti, hapo Tengeru. Ni ziwa la kreta lenye msitu kulizunguka, unatembea kwa miguu, na asubuhi kuna wadiria wengi. Yule mwenye rangi nyeusi na nyeupe ndiye mwalimu mzuri kuliko kozi yoyote. Anasimama hewani juu ya maji, mabawa yanapiga kwa nguvu, lakini kichwa kimetulia pale pale kana kwamba kimepigiliwa msumari, macho yako chini. Hizo ni sekunde chache zako. Weka fokasi kwenye kichwa, kasi 1/2500, na ncha za mabawa bado zitafifia kidogo, jambo ambalo mimi naona linapendeza.

Shida yake ni weupe. Nyuma yake kuna maji yenye kivuli cha msitu, karibu meusi. Kamera inaona giza, inaongeza mwanga, na kifua cha ndege kinaungua: kinabaki doa jeupe lisilo na unyoya hata mmoja, na programu yoyote ile haitaurudisha kwa sababu haukurekodiwa. Napunguza mwanga kwa hatua moja, yaani nusu yake, nawasha alama ya kumeta inayoonyesha palipoungua, naangalia histogramu, ule mchoro wa mwanga wa picha, isigonge ukuta wa kulia. Yangeyange naye ni hivyo hivyo. Kwa furukombe anayepita juu mbinguni fanya kinyume, ongeza hatua moja, la sivyo utapata kivuli chenye mabawa. Na piga RAW, yaani faili ghafi ambalo kamera haijalipika kuwa JPEG, ile picha ya kawaida. Kwenye JPEG kosa la hatua moja unaweza kulificha kwa shida. Kwenye RAW mara nyingi linarekebishika bila mtu kujua. Kwenye picha moja ya yule mdiria niliyoikuza ndipo nilipoona mikanda miwili myeusi kifuani: dume. Jike ana mmoja, tena uliokatika katikati. Kwa macho, ndege akiwa katikati ya ziwa, sikuwa naliona hilo.

Yasiyonifurahisha ni haya. Mita 3.5 ni mbali mno kwa chozi. Akija kwenye maua mbele yako inabidi urudi nyuma, naye akikuona unarudi anaondoka. Ndani ya msitu f/5.6, yaani tundu la kupitisha mwanga likiwa wazi kabisa, ni giza. Huko ISO, yaani wepesi wa kamera kushika mwanga, inapanda mpaka 6400, na kwa 7D Mark II hapo picha ni chengachenga tupu. Mimi mwisho wangu ni 3200. Lenzi haina kinga ya vumbi wala mvua, na anayejua barabara zetu wakati wa kiangazi anaelewa maana yake, kwa hiyo natembea na mfuko wa kitambaa, naifunika kila gari linapoondoka. Halafu kuna jambo ambalo wengi hulaumu lenzi bure: saa tano mpaka saa tisa, ardhi ikishapata moto, hewa ya juu yake inacheza, na ndege aliye mbali anatoka laini hata ungekuwa na lenzi ya bei ya nyumba. Saa hizo mimi hupiga walio karibu tu, au naweka kamera chini.

Ukiipata mkononi, usiangalie mikwaruzo ya nje. Toa vifuniko vyote viwili, washa tochi ya simu upande mmoja, chungulia upande wa pili. Unatafuta kuvu: nyuzinyuzi kama za buibui ndani ya kioo. Lenzi iliyokaa Dar, Tanga au Zanzibar bila kutunzwa inapata kuvu kwa urahisi kwa sababu ya unyevu, na kuvu ikishala kioo, fundi anaisafisha lakini alama hubaki. Mkwaruzo mdogo wa kioo cha mbele hauonekani kwenye picha. Wa kioo cha nyuma unaonekana. Kisha piga kibao chenye maandishi madogo kilicho mbali, tundu likiwa wazi kabisa, na uyasome kwenye kompyuta kabla ya kutoa hela. Kioo kidogo cha nyuma ya kamera kinadanganya.

Sasa darktable. Nimeisoma ikisifiwa na kutukanwa kwa kiwango kile kile, na kila upande una haki yake. Ukifungua RAW kwa mara ya kwanza, picha inaonekana imepooza kuliko ile uliyoiona kwenye kamera, na wengi wanaikimbia dakika hiyo hiyo. Kamera ilikuwa inakuonyesha JPEG iliyokwishakolezwa rangi na kuongezwa ukali. Darktable inakupa kitu kibichi, upike mwenyewe. Maelekezo ninayotumia ni ya Kiingereza, vipengele ni vingi kupita mahitaji, na laptopu yangu yenye GB 8 za memori inahema kila nikiwasha kipengele cha kupunguza chengachenga. Nimejifunza kukiacha cha mwisho.

Mpangilio wangu ni mfupi. Kwanza kuchambua: nakuza kila picha kwenye jicho, jicho likikosa ukali nabonyeza R, imekataliwa, hata kama mabawa yamekaa vizuri namna gani. Zinazobaki nazipa nyota kwa vitufe vya namba. Baada ya hapo ni mwanga, kisha kukata picha nikimwachia ndege nafasi upande anakotazama, kisha rangi kidogo. Chengachenga napunguza kwa kipengele kinachotumia vipimo vya kamera yako mwenyewe, na hapa ndipo darktable inaponifurahisha hasa: unachora mpaka kumzunguka ndege, ndiyo wanayoiita barakoa, unaigeuza, na usafi unafanyika nyuma yake tu. Manyoya hayaguswi. Ukisafisha picha nzima unapata ndege wa plastiki. Faili asili haiguswi pia. Mabadiliko yote yanakaa kwenye faili ndogo ya XMP pembeni, kwa hiyo picha ya mwaka juzi naweza kuirudia leo na kuanza upya.

Kuhusu rangi, niseme wazi ingawa nitawaudhi baadhi ya wenzangu. Kambu, yule mwenye kifua cha zambarau anayekaa juu ya kijiti kando ya barabara na kila mgeni anasimamisha gari kwa ajili yake, hahitaji kuongezewa kitu. Mungu alishamaliza. Lakini ukipitia kurasa za watu wa safari utamkuta anawaka kama taa ya baa, buluu imemwagikia mpaka kwenye tawi. Ukitaka kujua umezidisha, angalia kitu kilicho jirani ambacho rangi yake unaijua, gome la mgunga au nyasi kavu. Vikibadilika hivyo, umeshapita. Kwa picha ya status ya WhatsApp, Snapseed ya kwenye simu inatosha kabisa na sioni haja ya kujitesa. Ila picha unazopeleka eBird, mtandao wa kurekodi ndege walioonekana, zinahifadhiwa kwenye maktaba ya Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, kama ushahidi wa ndege aliyeonekana, na huko rangi ya mguu au mdomo ndiyo inayotofautisha aina na aina. Usiichezee.

Pia siwachezei ndege sauti ya simu ili waje karibu, hasa msimu wa kuzaliana, na picha ya kiota siiweki hadharani ikiwa na mahali. Mgeni mmoja aliwahi kuniambia nasumbua. Sawa.

Swali ninaloulizwa zaidi na madereva wenzangu ni kama waongeze kirefushi cha 1.4x, kile kipande kinachokaa kati ya lenzi na kamera kuongeza urefu wa lenzi. Kwenye 7D Mark II tundu linashuka hadi f/8, na kwa f/8 fokasi inabaki nukta ya katikati tu kati ya zile 65. Kwa korongo aliyesimama inafanya kazi, kwa ndege anayeruka mimi sikushauri; bora utumie muda ule ule kusogea karibu. Hela hiyo naiweka kwa ajili ya bodi. Lenzi za EF zinakubali kwenye kamera mpya za Canon za mfululizo wa R kwa adapta, fokasi ikifanya kazi, na R7 ina kizuia mtikisiko ndani ya bodi yenyewe. Kwa hiyo siku nikiipata, lenzi itabaki hii hii. Hata wakati huo shata yangu haitashuka chini ya 1/1000.