Kujenga vita vikiendelea, au kungoja amani?

Hapa Gulu, kaskazini mwa Uganda, swali hili bado linaulizwa: ilikuwa heri kujenga risasi zikilia, au kungoja zinyamaze?

Waliojenga vitani walijenga kambini. Kuanzia 1996 Waacholi, wenyeji wa huku, waliamriwa na serikali kuhamia kambi, na kufikia 2005 waliohamishwa kaskazini walikuwa karibu milioni 1.8. NUSAF, mfuko wa serikali wa miradi ya jamii kaskazini, ulianza 2003, waasi wa LRA (Lord's Resistance Army) wa Joseph Kony wangali wakiteka watoto. Unajenga darasa mchana. Jioni watoto wanabeba blanketi na kutembea hadi mjini wakalale kwenye veranda. Kambini vibanda vilibanana paa kwa paa. Moto ukishika kimoja, nyasi kavu ziliubeba mstari mzima kabla dumu la kwanza la maji halijafika. Utafiti wa afya wa 2005 ulikadiria vifo vya ziada karibu 1,000 kila wiki katika Acholi. Kila wiki, jamani!

Kungoja nako kuliumiza. Mapigano yaliposimamishwa Agosti 2006, na PRDP, mpango wa serikali wa kujenga upya kaskazini, kuzinduliwa 2007, watu walirudi kwenye mashamba yaliyomezwa na vichaka. Wazee wengi waliojua mipaka walikuwa wamezikwa kambini, ndugu wakagombania ardhi.

Hata hivyo mimi ningejenga vitani, ila kisima na zahanati kwanza, ofisi baadaye. Mazungumzo ya amani ya Juba kati ya serikali na LRA yalipoanza 2006, mtoto aliyezaliwa kambini 1996 alikuwa tayari na miaka 10.