Zulia la Kuweka Mwenyewe Ndani ya HiAce: Lipi Linunuliwe na Lipi Liachwe

Wanunuzi wengi wa zulia la gari hulipapasa upande wa juu, wakachagua kwa ulaini na rangi. Kwa Toyota HiAce ya mizigo, yenye sakafu ya bati na inayoshinda juani Mombasa au Dar es Salaam, upande wa kuchunguzwa kwanza ni wa chini, kwa kuwa huko ndiko maji yanakojificha na ndiko kutu inakoanzia.

Kwa kuta, milango na dari, ninaliweka la kwanza, bila kusita, zulia jembamba la poliesta linalovutika kwa urefu na kwa upana. Matao ya magurudumu yana mapindo ambayo zulia gumu haliwezi kuyafuata bila kukatwa vipande na kuungwa, ilhali hili hulala juu yake likiwa kipande kimoja, na likikatwa kwa mkasi halichanuki nyuzi, hivyo ukingo hauhitaji kushonwa. Poliesta pia hunywa maji kidogo sana. Dukani livute pande zote mbili: likivutika upande mmoja tu, mikunjo itakusumbua kwenye kona.

Sakafu ina mahitaji mengine, na hapo nauweka mbele mpira mzito wa sakafu, wa aina inayotumika kwenye mabasi, hasa ikiwa gari hubeba samaki, mboga au abiria wenye viatu vya matope. Husafishwa kwa kitambaa kibichi. Kasoro yake ni kwamba maji yakishaingia chini yake hayana pa kutokea, kwa hiyo kingo zake zizibwe vizuri, na kutu yoyote iliyopo ikwanguliwe na kupakwa rangi kabla.

Zulia la polipropilini, aina ya plastiki, lenye mgongo wa mpira linafuata. Nyuzi zake hazinyonyi maji na huvumilia msuguano, lakini ni gumu, na polipropilini yenyewe haishikani vyema na gundi nyingi. Afadhali likatwe kwa umbo la sakafu na kutandikwa tu bila gundi, ili baada ya mvua litolewe na kuanikwa.

La mwisho, ambalo nasihi lisinunuliwe hata likiwa la bei ya kutupa, ni zulia la sebuleni lenye mgongo wa sponji au wa juti, nyuzi zile za magunia. Sponji huhifadhi maji juu ya bati kwa muda mrefu, na juti huoza.

Gundi isichukuliwe kuwa jambo dogo. Bati la paa juani hupata joto kali linalolegeza gundi za kawaida za kupuliza, na dari nzima huanza kuning'inia. Tafuta gundi ya mpira ambayo mtengenezaji ameandika kwamba inastahimili joto. Ipakwe kwenye bati na kwenye zulia, ingoje hadi isinate kidoleni, ndipo vipande vikutanishwe. Mvuke wake hushika moto na huumiza kichwa, kwa hiyo milango yote iwe wazi na pasiwe na sigara karibu.

Muulize muuzaji pia kuhusu moto. Kanuni ya Marekani, FMVSS 302, hairuhusu vifaa vya ndani ya gari kuungua kwa kasi inayozidi milimita 102 kwa dakika. Muuzaji asipokuwa na jibu, omba kipande kidogo ukakichome nje, mbali na gari, na kikishika moto kwa kasi, usilinunue zulia hilo.

Kuhusu kipimo, sakafu ya HiAce ndefu ya mizigo ni takriban mita 3 kwa mita 1.5, ila kuta zipimwe kwa utepe unaofuata mapindo, na kila upande uongezewe sentimita 5 za kukunja. Unapokata, acha wazi matundu ya boliti za mikanda ya usalama na yale ya kutolea maji chini ya milango.