Unatafuta ampu ya pili? Anza na plagi

Haya jamani, hii naiandika na hasira kidogo, mnivumilie. Wiki hii peke yake watu watatu wameniuliza swali moja: wana ampu ya gitaa ya geini kubwa (inakuza sauti mpaka inakwaruza) nyumbani, mmoja ana Peavey 6505 kama yangu (ule ukoo ulioanza na 5150 ya mwaka 1992), sasa wanataka ya pili ya kupiga safi, ziende zote mbili kwa pamoja, ile distoshoni (mkwaruzo wenyewe) ipate nyama na kodi za gitaa, noti zinazopigwa pamoja, zisikike noti kwa noti. Wachukue ipi? Wote watatu wameshaangalia wati, wameshaangalia spika, wameshamaliza bando kwa video. Hakuna hata mmoja aliyeangalia plagi.

Na mimi sikuangalia. Nilinunua kombo (ampu na spika boksi moja) ya valvu, zile taa za kioo za zamani, used, kampuni nitaiacha maana kosa halikuwa lake na duka nalo nitaliacha maana nikianza sitamaliza. Nikaijaribu pale pale dukani ikiwa peke yake, sauti safi kama maji ya kisima, nikalipa, nikaita bajaji. Nimefika nyumbani nikachukua splita, kile kiboksi cha kugawa gitaa moja kwa ampu mbili, waya mmoja kwa 6505, mwingine kwa mgeni, nikawasha... MMMMMMMM. Sijagusa hata uzi mmoja wa gitaa. Jirani akaja kuuliza kama tumefungua mashine ya kusaga.

Kinachotokea ni hivi. Kila ampu ina waya wake wa ethi, ule wa kijani na njano, unaoingia ukutani. Splita ya bei rahisi inaziunganisha tena hizo ampu mbili kupitia ule wavu wa ndani ya kebo za gitaa, kwa hiyo umeshatengeneza duara, na duara hilo linanasa mlio wa umeme, hertz 50 na jamaa zake. Kwenye ampu safi ikiwa peke yake unaweza usisikie kitu kabisa. Ila mlio unaingilia mlango ule ule wa gitaa, na geini ya 6505 haibagui, inakuza gitaa inakuza na uchafu. Ndio maana dukani husikii! Dukani unajaribu ampu moja.

Nikaita fundi. Fundi akacheka, akasema dada hiyo kata tu ethi. Nikamsikiliza, aibu yangu, na kweli mlio ukaisha, nikamsifia mpaka kwa mama mkwe. Jumamosi nipo mazoezini na kwaya, gitaa mkononi, nasogeza mdomo kwenye maiki, ikanipiga kwenye lipsi mpaka nikaona nyota. Nyuzi za gitaa zimeungwa na chesisi ya ampu (fremu yake ya chuma), maiki imeungwa na mikisa yenye ethi yake nzuri, katikati hapo daraja ni mdomo wangu. Narudia kwa herufi kubwa, USIKATE ETHI, wala usikubali anayekukatia, ile waya ndiyo inayokuokoa siku umeme ukiponyoka ndani ya boksi.

Na kuna ya kwetu wenyewe ile, ampu imetoka Ulaya na plagi ya pini mbili za duara, mtu anachokonoa tundu la juu la soketi na kalamu ya Bic kisha anaisukumiza. Inawaka, ndiyo. Ethi haipo hata kidogo, maana ethi ya plagi ile ipo pembeni na soketi yetu haiigusi. Badilisha plagi yote, weka ya pini tatu yenye fyuzi, ni hela ya chipsi mayai.

Sasa ya Japani. Hapa Dar mtu akisikia "used from Japan" anaona kama kapewa baraka, kwa sababu ya magari. Gari halichomekwi ukutani! Umeme wa Japani ni volti 100, wa Marekani ni 120, wa kwetu 230. Geuza ampu, soma kile kibati cha nyuma kabla hujaongea bei. Ukiambiwa "tumia stepudauni tu", yaani transfoma ya kushusha volti, uliza inatoa volti ngapi, na angalia tundu lake la kutolea lina pini ngapi, maana nyingi nilizoziona mimi ni za 110 na zina matundu mawili, yaani ethi imeishia hapo tena.

Haya, ipi sasa.

Mimi ni mtu wa Roland na sifichi. JC-40 ndiyo namba moja, hakuna mjadala. JC-120 ipo tangu 1975 na ndiyo mama yao, wati 120, spika mbili za inchi 12, ila ni kilo 28, kama huna gari na vijana wawili achana nayo. JC-40 ni kama kilo 16, haina valvu ya kuungua, unaifungua mpaka juu na bado ni safi, sebene juu ya hii ampu ni raha tupu, na ile korasi yake ya stirio (ifekti ya kufanya gitaa moja lisikike kama mawili) inatandaza sauti pande mbili wakati 6505 inasimama katikati kama ukuta. Ina kahewa kanakovuma ukiwa kimya, nakubali. Na distoshoni yake usiiguse, kile kitufe kingekuwa cha kuning'iniza funguo kingefaa zaidi.

Ya pili Fender Deluxe Reverb, wati 22, nzuri sana, rivabu (mwangwi wake) ya kulia machozi. Ukiweza pata ile Tone Master iliyotoka 2019, haina valvu hata moja na ina kilo kumi na kitu tu. Ila hii ya valvu ina kamchezo, kanali zake mbili zimepishana pole (moja ikisukuma spika mbele, nyingine inaivuta nyuma), kwa hiyo ukiiweka pembeni ya 6505 ukapiga uzi mnene na besi ikapotea, usilaumu spika, hamia kanali ya pili usikilize tena.

Vox AC30 wengi mnaitaka. Kilo zaidi ya 30, na ukiipandisha inaanza kukwaruza yenyewe, wakati ulitaka safi. Pita.

Huna hela? Boss Katana. Inatosha.

Na kabla ya yote hayo tenga hela ya splita yenye transfoma ndani inayotenganisha upande mmoja, kama Radial Twin-City, ina na swichi ya kugeuza pole. Mimi ya kwangu kaniletea binamu kutoka Uingereza kwenye begi la nguo. Tangu siku hiyo kimya, ethi zote mbili zipo mahali pake.

Halafu nyie wauzaji, mnapiga picha ampu upande wa mbele tu, nikiomba picha ya nyuma ananitumia ile ile ya mbele imeongezwa mwanga. Nikisema nakuja na ampu yangu tuzichomeke pamoja, eti dada unatusumbua. Na bei haiandikwi, "njoo inbox", ukienda inbox anakuuliza una bajeti ngapi, ukitaja tu, ndiyo inakuwa bei!

Ile kombo yangu ipo sebuleni, watoto wanaweka tivii juu yake. Anayeihitaji aje, volti zimeandikwa nyuma, ethi nimeirudishia. Bei njoo inbox.