Bango la michango la elfu 5, Ngamiani: kazi nzuri, ila dai tarehe

Mimi ni fundi baiskeli. Nakaa chini ya mwarobaini hapa Ngamiani, Tanga, mwaka wa 26 huu, na kwa mji wetu wa baiskeli mtu akikaa mahali pamoja muda wote huo anageuka balozi bila kupigiwa kura. Anayetafuta chumba ananiuliza mimi. Mwenye msiba anapitia kwangu kabla hajafika msikitini. Ndiyo maana masika iliyopita, upepo ulipong'oa paa la mama anayetuuzia vitumbua, watu walinitazama mimi, na mimi nikamtazama kijana wa stesheneri.

Huduma ninayotaka kuieleza ni yake. Stesheneri yake ni ndogo, mlango mmoja, mashine moja ya kudurufu, printa mbili ambazo moja haijawahi kufanya kazi mbele ya macho yangu. Jina la duka sitalitaja kwa kuwa nina malalamiko nalo na kijana ni mtoto wa mtaani. Ukiulizia "yule wa mabango ya michango" utaelekezwa. Anakutengenezea bango la kurusha kwenye makundi ya WhatsApp kwa 5,000. Ukiongeza 3,000 anakwenda mwenyewe kuhakiki shida yako, na ukiongeza 15,000 anakuwekea orodha ya wachangiaji kwa wiki 2. Nililipa zote tatu, jumla 23,000, na nikaziingiza kwenye bajeti waziwazi watu wazione.

Bango peke yake lisingenitoa chini ya mwarobaini. Siku hizi kila mwenye simu anaweza kutengeneza bango, lina waridi pembeni na mikono inaomba dua. Kilichonitoa ni huo uhakiki na orodha, na hapa lazima nimtaje mpwa wangu.

Mpwa wangu yuko Chicago, anafanya kazi jikoni kwenye mgahawa wa Wameksiko, mtaa wa 26, sehemu ambayo wenyewe wanaiita La Villita. Ananitumia sauti ndefu usiku, mimi nazisikiliza asubuhi nikiziba pancha. Mwaka wa kwanza alikuwa akilalamikia baridi. Mwaka wa pili akaanza kunisimulia habari za Walatino. "Mjomba," akaniambia, "hawa ni watu wa Tanga kabisa, ila wanakula pilipili zaidi." Wanawake wa pale jikoni wana kitu kinaitwa tanda. Wako 10, kila mmoja anatoa dola 100 kwa wiki, na kila wiki mmoja anabeba 1,000. Nikamwambia, hebu acha, huo ni upatu! Akasema ndiyo huo huo, tofauti wao daftari liko WhatsApp. Kila anayelipa, mama anayesimamia anapiga picha ukurasa, anatupia kwenye kundi, na aliyechelewa anaonekana na wote. Hakuna haja ya kumfuata mtu mlangoni.

Mpwa anapenda takwimu, akanitumia na hii: kituo cha utafiti cha Pew kiliuliza watu Marekani mwaka 2023, ikaonekana kwa watu wazima wote wanaotumia WhatsApp ni asilimia 29, kwa Walatino ni 54. Sikushangaa. Ukiwa na mama Meksiko na dada Houston utafanyaje? Sisi wenye ndugu Mombasa na Maskati tunajua.

Na hawaishii kwenye upatu. Bosi wa mpwa wangu kwao ni Zacatecas, jimbo ambalo watu wake wamehamia Marekani miaka na miaka. Wa kijiji kimoja wanaunda chama huko ugenini, wanachanga, wanatuma nyumbani kujenga barabara, kisima, kanisa. Zamani walikutana ukumbini, sasa mambo mengi yanamalizwa kwenye simu. Serikali ya Meksiko ilifika mahali ikaingia: kuanzia 2002 kukawa na mpango wa taifa ulioitwa 3x1, wahamiaji wakitoa peso 1, serikali kuu inaongeza 1, jimbo 1, na manispaa 1. Mpango umeshafungwa, ila nilipousikia niliacha spana chini. Nani ataniwekea 3 juu ya 1 yangu hapa Ngamiani?

Haya, turudi kwenye paa.

Kijana alikuja na baiskeli yake (cheni imelegea, nikaikaza bure, hilo liandikwe). Alipiga picha mapaa yaliyoachwa wazi, akaenda kwa mjumbe kuthibitisha kuwa mama ni mkazi na nyumba ni yake, akaenda duka la vifaa vya ujenzi kuchukua profoma. Bati 32 kwa 24,000, ni 768,000. Mbao na misumari 210,000. Fundi 150,000. Ongeza 23,000 ya stesheneri, lengo likawa 1,151,000. Yote hayo yaliandikwa kwenye bango, mstari kwa mstari. Mimi nimechangia misiba na harusi za mji huu tangu sijaota ndevu, na ilikuwa mara yangu ya kwanza kuona bango linaniambia bati ni shilingi ngapi.

Tulibishana kwenye picha. Yeye alitaka mama apigwe akiwa amekaa kwenye matope, kanga imelowa, uso unaonekana. "Fundi, sura ndiyo inayovuta." Nikakataa. Mama huyu kesho asubuhi anauza vitumbua kwa watu hao hao, unataka wamwonee huruma kwanza ndipo wanunue? Tukazunguka uani tukitafuta cha kupiga. Kando ya mafiga kulikuwa na chuma chake cha vitumbua, kile chenye vishimo saba, na kila kishimo kimejaa maji ya mvua hadi ukingoni. Kwenye kimoja limeelea jani la mwembe. Kijana akainama akakipiga kutoka juu. Hakusema kitu tena, na mimi nikajua tumepata bango.

Sasa mfumo wenyewe, kwa anayetaka kuutumia. Kijana hashiki hela. Hela zinakuja kwenye namba ya mweka hazina, yaani mimi, na bango linasema jina litakalotokea, ukiona jina jingine usitume. Chini yake ameandika "weka na ya kutolea", jambo dogo ambalo wengi wanalisahau halafu mweka hazina anabaki na pengo. Kila jioni saa 12, nikishafunga kazi, nilikuwa nampelekea simu. Mimi nasoma meseji za miamala, yeye anaandika, mke wake (ambaye ana jicho kali kuliko sisi wote) anahakiki. Orodha inatoka na namba: 1, 2, 3, jina, kiasi, jumla ya leo, jumla kuu, kilichobaki. Asiyetaka kutajwa anaandikwa "Mja wa Mungu", lakini namba yake ipo. Tulikuwa na Waja wa Mungu 14.

Hiyo orodha ndiyo iliyofanya kazi. Miaka michache nyuma kulikuwa na mchango mwingine mtaani, silitaji kundi, ambao mpaka leo hakuna anayejua ulifika wapi. Tuliambiwa tu "tumepata kidogo". Tangu hapo watu wakiona bango wanapitisha kidole. Safari hii siku ya kwanza walichangia 6. Orodha iliporushwa usiku ule, kesho yake wakaja 19. Mzee mmoja wa Chumbageni alinipigia si kuchangia, kugomba: katoa 20,000 kaandikwa 2,000. Tukarekebisha kabla ya Isha na orodha mpya ikaenda ikiwa na neno "sahihisho". Baadaye akaongeza 5,000.

Malalamiko yangu sasa, nayo ni makubwa.

Mpwa wangu alilipeleka bango jikoni kwake. Mama anayesimamia tanda akatoa dola 20, Mungu amlipe, hanijui wala simjui. Ila aliuliza swali moja, mpwa akanitafsiria: "Hili bango ni la lini?" Nikalitazama. Kweli, halina tarehe. Siku ya ngapi, mwezi gani, hakuna.

Huyo mama ni mtu wa Jiji la Mexico, na dada yake alikuwa huko 2017. Tarehe 19 Septemba mwaka ule, saa 7 na dakika 14 mchana, tetemeko la 7.1 lilipiga, siku ile ile ambayo mwaka 1985 walipigwa na kubwa zaidi. Asubuhi walikuwa wamefanya zoezi la kukimbia majengo kwa ajili ya kumbukumbu, mchana likaja lenyewe. Walikufa watu zaidi ya 300. Simu zikajaa maombi: leteni maji hapa, leteni sululu pale, watu wamefukiwa mtaa fulani. Watu wakakimbia. Wanafika, wanaambiwa maji yamejaa tangu asubuhi, huku mtaa wa pili hauna hata chupa, kwa kuwa meseji ni ya jana na inaendelea kuzunguka. Hata televisheni zilikesha na habari ya msichana aliyefukiwa chini ya shule, Frida Sofía, nchi nzima inamwombea, na mwisho jeshi la wanamaji likasema mtoto huyo hayupo, hakuwahi kuwepo.

Ndipo vijana wa kujitolea wakaanzisha Verificado19S, yaani "imehakikiwa". Wengine wanakwenda eneo lenyewe, kwa miguu na kwa baiskeli, wanatazama kwa macho yao, wanawatumia wenzao waliokaa kwenye kompyuta, na hao ndio wanatangaza nini kinahitajika, wapi, na ni saa ngapi habari imethibitishwa. Mpwa aliposema baiskeli nilijisikia mwenye undugu nao, sitaficha.

Siku ya 3 nikamwendea kijana. Weka tarehe. Akasema tarehe inaharibu muonekano. Nikamwambia wewe uhakiki umefanya vizuri kama wale wa Meksiko, sasa maliza. Akacheka, akasema, "Fundi, wewe kaza spoku, muonekano niachie mimi." Nikanyamaza. Kosa langu hilo.

Siku ya 9 hela zilitimia. Bati zikapanda siku ya 10, siku ya 11 mama kalala pakavu. Lakini bango halikujua. Lilikuwa limeshafika makundi ambayo mimi simo, Pangani, Korogwe, Maskati, na hela zikaendelea kuingia: watu 9, jumla 87,000. Nikamwambia kijana atoe bango la "imekamilika, asanteni". Akaniambia ni 5,000 nyingine, bango ni bango. Tulirushiana maneno pale mlangoni hadi muuza kahawa akasimama kusikiliza. Nikalipa mfukoni mwangu, na hata hilo la pili lilitoka bila tarehe!

Kwa hiyo nampa nyota 4 kati ya 5. Ya tano imeondoka na hiyo elfu 5. Na sizitoi 3, kwa kuwa ule uhakiki na orodha sijauona kwa mwingine yeyote mjini hapa, tena kwa bei ambayo haifikii hata bati moja.

Ukienda: usiende Ijumaa mchana, amefunga, na usimwamini akisema "narudi dakika 10". Nenda na profoma yako mkononi kama unataka akupunguzie ile 3,000, hupunguza. Umeme ukikatika bado anafanya kazi kwa simu, ila herufi zinatoka ndogo. Picha chagua mwenyewe. Kubaliana mapema kabisa kwamba 5,000 ni pamoja na bango la kufungia, na tarehe iandikwe juu, kubwa, siku na mwezi, hata akinuna.

Wale 9 niliwapigia mmoja mmoja. Sita, wenye 57,000, wakasema mpe mama anunue mchele na nazi. Wawili waliomba zao, 20,000, nikazirudisha na makato nikalipa mwenyewe, sawa na kuziba pancha mbili. Wa mwisho, namba 78 kwenye orodha, alituma 10,000 usiku wa manane na simu yake haipatikani. Yake ipo. Nimempa mke wa kijana aiandike kwenye ukurasa wake peke yake, na safari hii ametia tarehe bila kuambiwa.