FlySky FS-i6 kwenye roboti za mapambano: nzuri, ila ilitengenezewa ndege

Ukiingia kwenye banda la matengenezo la mashindano ya roboti ndogo, iwe Marekani au Uingereza, huwezi kukosa FS-i6 mezani. Ni rimoti ya GHz 2.4 yenye chaneli 6, inahifadhi mipangilio ya modeli 20, na kwa kawaida huuzwa pamoja na risiva yake (kipokezi kinachokaa ndani ya roboti) kwa dola 50 hivi, wakati mwingine pungufu kidogo. Kwa bei hiyo ni vigumu kupata kitu cha kuizidi. Inunue, ila usiipeleke ulingoni kama ilivyotoka kwenye boksi. Imepangwa kurusha ndege, na kuifanya iendeshe roboti ni kazi ya nusu saa. Wengi wanaoilalamikia hawakuitoa hiyo nusu saa.

Kabla ya kulipa, hakikisha mambo mawili. La kwanza, iwe Mode 2, yaani stiki isiyorudi katikati yenyewe iwe upande wa kushoto. La pili, risiva iwe FS-iA6B. Maboksi mengine huja na iA6, ambayo haina i-BUS (njia ya kuunganishia vihisi). Inafanya kazi, lakini kwa tofauti ndogo ya bei hakuna sababu ya kuichukua.

Rimoti yenyewe ni plastiki tupu na inatumia betri 4 za AA. Haina sehemu ya kuchajia, kwa hiyo ukitumia za kuchaji utazitoa kila mara na kuziweka kwenye chaja yake. Skrini ni ya rangi moja na inasomeka vizuri ndani ya ukumbi. Swichi za juu ni nne: SwA, SwB na SwD za hatua mbili, SwC ya hatua tatu. Ukiiwasha huku swichi yoyote iko chini au stiki ya kushoto imeinuka, inagoma na kutoa onyo mpaka urekebishe. Kwa mwenye ndege ni usumbufu. Kwa mwenye roboti yenye chuma kinachozunguka, ni ulinzi wa bure, maana huwezi kuiwasha silaha ikiwa tayari kwenye kasi.

Sasa menyu. Unaingia kwa kubonyeza OK na kuishikilia. Mtego uko kwenye kuhifadhi: unahifadhi kwa kushikilia CANCEL. Ndiyo, CANCEL. Ukiigusa mara moja na kuiachia, inatoka na kutupa ulichobadilisha bila kukuambia neno. OK nayo inakusogeza tu kwenye kipengele kinachofuata. Sijui nani aliamua hivyo, lakini ukiona mipangilio yako haikai, usiilaumu rimoti kwamba ni mbovu. Angalia kidole chako.

Kuiunganisha na risiva hakuna shida. Ondoa mkanda wa silaha kwanza, chomeka ile plagi fupi ya kuunganishia kwenye tundu la B/VCC, washa roboti, taa ya risiva ianze kupepesa haraka. Shikilia BIND KEY huku ukiwasha rimoti. Mpepeso wa haraka ukikoma, chomoa plagi, zima vyote viwili, washa rimoti kwanza kisha roboti.

Kinachowachanganya watu zaidi ni kuchanganya chaneli, ili stiki moja ya kulia iendeshe magurudumu ya pande zote mbili. FS-i6 haina kitu kinachoitwa mchanganyo wa kifaru (tank mix, kama kifaru cha kijeshi), kwa hiyo tunaazima ule wa ndege zisizo na mkia: Functions, kisha Elevon, iweke On. Utakuta CH1 na CH2, yaani chaneli ya kwanza na ya pili, zote ziko 50%. Hapo ndipo roboti inapozaliwa mvivu. Kwa 50%, ukisukuma stiki mbele mpaka mwisho, kila mota inapata nusu tu ya amri. Mota inafika 100% pale tu stiki inapokuwa kwenye kona, na wakati huo ya upande wa pili imesimama. Mtu anabadilisha gia, anabadilisha betri ya lipo, kumbe tatizo ni namba moja kwenye skrini. Pandisha zote ziwe 100%. Sasa mbele ni mbele kweli, lakini kugeuka kutakuwa kwa kasi ya pia inayozunguka, hasa kwa roboti fupi ya magurudumu mawili. Punguza ile ya kugeuka (CH1) mpaka 60% au 70%, jaribu, kisha ongeza kidogo kidogo mpaka mkono uzoee.

Tahadhari moja hapa. Vidhibiti vingi vya mota mbili kwenye bodi moja vina mchanganyo wao wa ndani. Ukiwasha Elevon juu ya huo, amri inachanganywa mara mbili: unasukuma mbele, upande mmoja unakwenda na mwingine unalala, roboti inazunguka papo hapo kama kuku aliyekatwa kichwa. Chagua mmoja. Kama bodi ina kidaraja au swichi ya kuzima mchanganyo wake, zima huo utumie wa rimoti. Kama haina, acha Elevon iwe Off.

Mwelekeo wa magurudumu upime roboti ikiwa juu ya kopo, magurudumu yananing'inia. Sukuma mbele. Gurudumu linalorudi nyuma, badilishana waya zake mbili kwenye mota (hii ni kwa mota za brashi). Kisha geuza kushoto. Ikigeuka kulia, badilishana plagi za CH1 na CH2 kwenye risiva, uanze jaribio upya tangu mwanzo, kwa sababu mbele inaweza kuwa imegeuka tena.

Failsafe, yaani roboti ifanye nini mawasiliano na rimoti yakikatika, haina mjadala. Nenda System, RX Setup, Failsafe. Hapo kila chaneli iko Off. Washa CH1 na CH2 stiki ikiwa imeachiwa katikati, na CH3 ya silaha stiki ikiwa chini kabisa, kisha hifadhi kwa njia ile ile ya CANCEL. Wakaguzi wa mashindano hawakuulizi kama umeiweka. Watakuambia uendeshe, kisha uzime rimoti huku roboti imewaka. Magurudumu na silaha visipokoma, hupigani. Kanuni za SPARC zinazotumika sana Marekani zinataka chuma kinachozunguka kisimame kabisa ndani ya sekunde 60 tangu umeme ukatwe, kwa hiyo jipime nyumbani kwa saa, silaha ikiwa ndani ya boksi imara na wewe uko nje yake.

Stiki ya kushoto isiyorudi yenyewe ina faida na hasara yake. Unaipandisha silaha na kuiacha kwenye kasi unayotaka, mikono ikabaki na kazi ya kuendesha. Lakini ukishtuka na kuiachia rimoti, silaha haizimiki. Dawa yake ni Throttle Hold, swichi inayoishikilia silaha isipande: iweke kwenye SwA, thamani ikiwa ya chini kabisa, na iwe mazoea kwamba swichi hiyo ndiyo ya mwisho kuguswa kabla ya mlango wa ulingo kufungwa.

Jambo lingine linalodanganya: skrini inaonyesha volti za risiva, na watu wanadhani ni za betri ya roboti. Siyo. Hizo ni zile volti 5 hivi zinazotoka kwenye kidhibiti cha mota kuilisha risiva, na zitabaki pale pale hata lipo ikiwa inakaribia kufa. Ukitaka kuona betri yenyewe, unahitaji kihisi cha volti kinachochomekwa kwenye tundu la i-BUS. Na ukiwa na vidhibiti viwili vyenye kutoa volti 5, chomoa waya mwekundu wa kimoja kwenye plagi ili visigombane.

Ndani ya roboti, adui wa iA6B ni mtikisiko. Plagi zake zinashikwa kwa msuguano tu, na kipigo kizuri kinatosha kuichomoa moja. Tone la gundi ya moto kwenye kila plagi linatatua. Usitumie super glue, siku ya kubadilisha mota utajuta. Funga risiva kwenye sponji, isigusane na fremu. Antena zake mbili zitandaze zikiwa zimepishana kama herufi L, mbali na waya za mota, na zisifunikwe pande zote kwa alumini au kaboni fiba. Plastiki za polikaboneti na HDPE hazizuii mawimbi. Baada ya kila pambano, vuta kila plagi taratibu kuona kama inacheza.

Nani asiinunue? Anayetaka mipangilio mingi ya kina, programu ndogo za amri na sauti, atafute rimoti ya RadioMaster yenye programu ya EdgeTX. Ile yenye moduli ya itifaki nyingi huongea hata na risiva za FlySky, kwa hiyo ulizonazo hazitupwi. Kwa roboti ya gramu 454 au ya kilo 1.36, FS-i6 inatosha kwa misimu mingi. Kwa zile za gramu 150 za Uingereza rimoti bado ni hii hii, ila iA6B iache kwenye boksi: ina gramu 14.9, karibu sehemu ya kumi ya roboti nzima. Chukua risiva ndogo ya AFHDS 2A (itifaki ya mawasiliano ya FS-i6), zipo zisizofika gramu 2, na uzito uliobaki uweke kwenye silaha.